Ziwa Likichafuka Mshipi Ukiwa Hewani

Barua nyingi za toleo hili zina kisa kimoja: safari ya kuvua ziwani kwa nzi wa manyoya, yaani ndoana iliyovishwa manyoya ifanane na mdudu, iliyoanza vizuri ikaishia pabaya. Tumezisoma zote, na karibu kila moja ina upepo ndani yake. Tunaanza na ile iliyobeba mengi.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mimi na shemeji yangu tuliingia ziwani alfajiri, maji yametulia kama yaliyo bakulini. Tuliiacha boti ichukuliwe na upepo mwepesi huku tukirusha. Baada ya muda wa saa mbili ziwa lilichafuka. Tukateremsha nanga tezini, yaani nyuma ya boti, kwa kuwa ndiko nilikokuwa nimekaa, ili tuendelee kuvua. Mawimbi matatu yakaingia botini. Tukaing'oa nanga, injini ikagoma kuwaka, tukapiga makasia saa nzima na nusu mpaka ufukoni. Tulikosea wapi?

JIBU: Kosa la kwanza lilitokea kabla hamjarusha hata mara moja. Mliingilia ufuo wa upande upepo unakotoka. Hapo miti na miinuko hukinga, na hata pasipo miti upepo haujapata nafasi ya kuyasukuma maji. Wimbi hukua kwa kadiri ya umbali ambao upepo umesafiri juu ya maji. Mita hamsini kutoka ufukoni utaona vikunjo tu. Kilomita mbili mbele, kwa upepo uleule, kuna mawimbi ya kumwagika botini. Na aliyesimama ufukoni hayaoni vizuri, maana anayatazama kwa mgongoni, povu linaangukia upande wa pili. Ndiyo sababu watu wenye akili zao timamu hudanganyika kila mwaka.

Siku nyingine anzeni kwa kwenda kinyume cha upepo, mafuta yangali mengi na mikono ina nguvu, kisha mwache upepo uwarudishe taratibu mkivua kuelekea mlikotokea. Petroli igawanywe mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja lisiguswe. Ikiwa upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda katikati ya ziwa na hamna njia nyingine, vueni sambamba na ufuo, kwa umbali ambao mmoja wenu peke yake anaweza kuumaliza kwa makasia.

Halafu soma povu. Upepo wa kilomita 12 hadi 19 kwa saa huweka povu jeupe hapa na pale. Ukifika kilomita 20 hadi 28, povu linaonekana kila upande. Kwa boti ndogo ya wavuvi wawili, povu la hapa na pale ndiyo ishara ya kukunja mshipi na kuanza kurudi. Ukingoja lienee, umechelewa.

Sasa nanga, na hili tunalisema kwa uzito wote: nanga ya tezini ndiyo iliyokaribia kuwazamisha. Tezi ni bapa, iko chini, na imebeba injini na mtu. Ukiifunga huko, boti hugeuka na kulipa wimbi mgongo, na kamba huishikilia isiinuke wimbi linapofika. Maji yanaingia, yakiingia, tezi inazidi kushuka, wimbi linalofuata linaikuta chini zaidi. Mtu akiinama hapohapo kung'oa nanga, anaongeza uzito wake palepale pabaya. Nanga hufungwa omo, yaani mbele, ambako boti imechongoka na imeinuka, ili ipasue wimbi. Ubavuni vilevile ni hatari.

Urefu wa kamba nao una hesabu yake. Kwenye kina cha mita 5, toa kamba ya mita 15 maji yakiwa shwari, mita 25 kukiwa na upepo wa wastani, mita 35 au zaidi ukivuma kwa nguvu. Nanga hushika kwa kuvutwa ikiwa imelala. Kamba fupi huinyanyua na kuing'oa. Weka mnyororo wa mita 2 au 3 kati ya nanga na kamba, uzito wake ndio unaoilaza. Kisu kiwe mahali ambapo mkono unakifikia bila kutafuta. Nanga ikinasa mwambani na mawimbi yanapanda, kata kamba.

Injini iliyogoma baada ya kuyumbishwa ikaguliwe kwa utaratibu, si kwa hasira ya kuvuta kamba ya kuwashia. Kamba ya usalama ya dereva imekaa mahali pake? Gia iko katikati? Skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi imefunguliwa? Hii ya mwisho ndiyo husahauliwa zaidi: ikifungwa, injini hunyonya mafuta kwa dakika chache kisha hukosa. Minya kipira cha kusukumia mafuta mpaka kiwe kigumu, ndipo uvute choki. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imejaa mafuta: rudisha choki, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho, vuta mara tano au sita. Na kabla ya yote, chungulia rafadha. Mshipi uliolegea majini hujizungusha kwenye ekseli yake, na ukiachwa humo hukata sili ya mafuta ya gia, maji yakaingia ndani. Hasara hiyo huonekana wiki kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ule mshipi.

Kuhusu kupiga makasia saa nzima na nusu kinyume cha upepo: mlifika, na tunashukuru. Lakini ufuo ulio karibu zaidi ndio ufuo sahihi, hata ukiwa upande usio wenu. Mngeshuka huko mkatembea kwa miguu. Boti hufuatwa kesho.

SWALI: Salamu. Mwenzangu alirusha, upepo ukampokonya mshipi, nzi akanasa kwenye ndewe ya sikio langu, ndoana ikazama na kijino chake chote. Nimesoma kwamba kuna njia ya kuitoa kwa uzi. Tuliogopa, tukakata uzi tukaenda zahanati. Tulifanya woga tu?

JIBU: Hapana dada, mlifanya lililo sawa. Njia ya uzi ipo na inafaa, ila si kwenye ndewe. Inahitaji nyama isiyohama: mgongo wa mkono, bega, paja, kichwa juu ya mfupa. Ndewe ya sikio inafuata uzi unapovutwa, kijino hakijiachii, na jeraha linachanika.

Panapofaa, hufanywa hivi. Kata uzi wa nailoni ulioshika nzi. Chukua uzi imara wa sentimita 60, uupitishe kwenye mpindo wa ndoana, ncha zake mbili uzizungushe kidoleni. Kwa mkono wa pili bonyeza tundu la ndoana, pale nzi alipofungwa, lilale juu ya ngozi. Kubonyeza huku ndiko kunakokiondoa kijino kwenye nyama iliyokishika, asiyebonyeza anachana. Kisha vuta ghafla, mara moja, sambamba na ngozi, kuelekea nyuma ndoana ilikotoka. Kila mtu akae mbali na njia yake, kwa kuwa ndoana hutoka ikiruka. Osha kwa maji na sabuni, na uulize kama chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati.

Jicho, kope, shingo, na popote palipo na mshipa mkubwa wa damu: usiguse. Ndoana ya jichoni haivutwi wala haifungwi kwa kitambaa kinachoibana. Ifunike kwa kikombe kinachokaa juu ya mifupa ya uso, kisibonyeze kitu, mgonjwa atulie, nendeni hospitali.

Lakini yote haya hupungua kwa kazi ya nusu dakika: minya kijino kwa plaizi mpaka kilale kabla ya kumfunga nzi. Ndoana ya namna hiyo hurudi ilikoingilia. Samaki hupotea zaidi kwa sababu ya mshipi uliolegea kuliko kwa kukosa kijino. Miwani ivaliwe na wote walio botini, hata asiyevua.

Na mkae kwa kufikiri. Boti ikielea kwa ubavu, nyote mkitazama upepo unakokwenda, mrushaji wa mkono wa kulia akae mwisho wa kulia ili nzi wake apite nje ya boti. Wa mkono wa kushoto akae mwisho wa kushoto. Mkiwa wote wa kulia, aliye kushoto ndiye mwenye wajibu wa kuangalia nyuma kila anaporudisha mshipi. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka upande wa mkono wako wa kurushia, nzi anasukumwa mwilini mwako na kwa mwenzako. Hapo inamisha fimbo ivuke juu ya bega la pili, au pumzika mpaka boti ikae sawa.

SWALI: Ni kweli suruali ya mpira ikijaa maji humvuta mtu chini kama jiwe? Mzee wangu ananikataza kuivaa botini.

JIBU: Maji yaliyo ndani ya suruali hayana uzito ukiwa majini, kwa hiyo hayakuzamishi. Uzito unakuja unapojaribu kupanda botini au ufukoni: umebeba ndoo kadhaa kila mguu. Mkanda uliokazwa kiunoni hupunguza maji yanayoingia. Hata hivyo mzee wako ana hoja. Botini huna haja ya suruali hiyo, na inazuia miguu kupiga maji. Vaa suruali ya mvua na viatu vinavyovulika upesi.

Kinachoua mapema ni baridi. Mtu akitumbukia kwenye maji baridi hushikwa na pumzi, huvuta hewa bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji anavuta maji. Wafundishaji wa uokoaji hutumia hesabu ya 1, 10, 1: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kumi hivi ambazo vidole bado vinashika, saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Dakika ya kwanza usiogelee. Elea tu mpaka upumue vizuri. Zile kumi zitumie kuishika boti na kujipandisha juu yake, kiasi chochote cha mwili kitakachotoka majini. Usiiache boti iliyopinduka ukaogelea kwenda ufukoni. Ufuo siku zote uko mbali kuliko unavyoonekana.

Basi kitu cha kubishania na mzee si suruali, ni jaketi okozi. La nguvu ya kuelea ya newtoni 50 ni msaada kwa mwogeleaji tu. La 150 linalojijaza lenyewe humgeuza aliyezimia akatazama juu. Livae juu ya koti, kamwe si ndani yake: likijijaza chini ya koti lililofungwa, litakubana kifua na halitafunguka. Kaza mkanda wa mapajani, la sivyo jaketi litapanda usoni na wewe utabaki chini. Kila msimu fungua, hakikisha mtungi wa gesi umekazwa, uupime kwenye mizani na kulinganisha na uzito ulioandikwa juu yake. Mtungi mwepesi umevuja. Kidonge kinachoyeyuka majini ili kuufyatua mtungi kina tarehe yake ya mwisho, kisome.

SWALI: Upepo ulipoongezeka nilikatikiwa na uzi mara mbili, samaki wote wawili wazuri. Nailoni ni mpya, ya uzito uleule niliouzoea. Je, nimeuziwa kitu kibovu?

JIBU: Tunadhani nailoni haina kosa. Pitisha uzi wa mbele kati ya vidole viwili taratibu, kuanzia mshipi mpaka kwa nzi. Ukihisi kijiuvimbe kama punje ya ufuta, umepata jibu. Ni fundo la kawaida lililojifunga hewani, na fundo la namna hiyo hupunguza nguvu ya nailoni karibu nusu.

Linatokeaje? Mshipi unaorushwa vizuri husafiri ukiwa na umbo la kitanzi kilicholala, mguu wa juu na mguu wa chini sambamba. Mvuvi akiona upepo unamshinda, hutia nguvu ghafla mwanzoni mwa mrusho. Fimbo inapinda kupita kiasi, ncha inashuka badala ya kwenda sawa, mguu wa juu unaanguka na kuuvuka wa chini, na nzi anapita ndani ya kitanzi. Upepo unasingiziwa tu. Anza polepole, ongeza kasi hatua kwa hatua, simamisha fimbo ghafla mwishoni. Kumbuka uzito unaorushwa ni wa mshipi, si wa nzi: mshipi wa namba 7 una gramu 12 katika mita 9 za kwanza, na fimbo inahitaji karibu urefu huo nje ya ncha yake ndipo ipinde inavyotakiwa. Wengi hurusha mita 5, wanaona haziendi, wanaongeza nguvu.

Siku ya upepo fupisha uzi wa mbele kutoka mita 4.5 hadi 3, ondoa nzi wa vitawini, wale wanaofungwa kwenye vijiuzi vya pembeni, baki na mmoja. Upepo ukitoka nyuma yako, rudisha mshipi chini na kwa nguvu, halafu urushe mbele juu juu, upepo utaubeba. Ukikujia usoni, fanya kinyume chake. Kagua uzi kila baada ya dakika kumi na tano. Ukikuta fundo, kata na ufunge upya. Ukilifungua, nailoni imekwishapondeka. Na kila fundo unalofunga, lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano huichoma nailoni.

Kuna sababu ya pili inayowapata wavutaji wa kasi: fimbo kumwelekea nzi moja kwa moja. Samaki akigonga, hakuna cha kupinda, mshtuko wote unaangukia uzi. Iweke fimbo pembeni kidogo.

SWALI: Mshipi wangu wa kuelea umeanza kunata kama gundi, na mita za mwanzo zinazama. Nifanyeje?

JIBU: Kunata ni dawa ya mbu. Ile yenye deeti huyeyusha plastiki, na gamba la mishipi mingi ni plastiki. Ulijipaka, ukashika mshipi. Sehemu iliyonata hairudi hali yake. Siku nyingine jipake kwa mgongo wa mkono, viganja vibaki safi, au tumia yenye ikaridini. Kuzama huenda ni uchafu tu: loweka mshipi kwenye maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo, upitishe kwenye kitambaa laini, suuza. Ukiendelea kuzama, tazama kitanzi cha mbele. Gamba likipasuka hapo, maji huingia kwenye uzi wa ndani.

SWALI: Fimbo ya kaboni ilivunjika nikimnyanyua samaki mdogo tu. Inawezekanaje?

JIBU: Kwa namna mbili. Ulipomleta ubavuni mwa boti uliirudisha fimbo nyuma ya kichwa, ncha nyembamba ikapinda peke yake badala ya fimbo nzima. Au nzi mwenye risasi aliigonga saa kadhaa kabla ukasikia "tik" ukapuuza. Alama ile ndogo ndipo inapovunjikia. Viungo navyo hulegea kwa kurusha. Vikaze kila nusu saa. Samaki achukuliwe kwa wavu.

SWALI: Ngurumo zikisikika mbali, kuna muda wa kumalizia mirusho michache?

JIBU: Hakuna. Kaboni hupitisha umeme, na wewe umeishika mita 3 juu ya ziwa tambarare. Hesabu sekunde kati ya mwako na ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi, inakufikia. Laza fimbo, rudi ufukoni, kaa ndani ya jengo au gari lililofungwa, si chini ya mti. Rudi majini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, hesabu inaanza upya.

SWALI: Upepo ukiwa wa kiasi, trauti wanaonekana wakila juu, lakini hawamgusi nzi wangu. Boti inakimbia tu. Nibadilishe nzi?

JIBU: Usianze na nzi. Boti inayosukumwa na upepo inamfuata nzi wako, mshipi unalegea, na samaki akimvuta huna habari. Kwanza vuta mshipi kwa kasi inayozidi ya boti. Trauti wanaokula juu huenda wakielekea upepo unakotoka, yaani wanakuja kwako. Tupa mbele yao, si juu yao. Tafuta vile vichochoro vya maji laini vinavyonyooka na upepo, wadudu hukusanyika humo.

Kisha ipunguze kasi boti kwa mwavuli wa maji, kitambaa kinachofunguka majini na kukokotwa. Ufunge katikati ya ubavu wa upande upepo unakotoka, kamba iwe ndefu kiasi mwavuli ukae nyuma ya mawimbi mawili hivi. Ukiufunga karibu na ncha moja, boti itakwenda mshazari, jambo ambalo wengine hulitaka ili kufuata ufuo. Usitie injini gia mwavuli ukiwa majini. Kamba itaingia kwenye rafadha. Samaki akishika, anayeuvuta mwavuli ndani ni yule asiye na samaki, tena mapema, kabla trauti hajafika chini ya boti, kwa sababu akiizunguka kamba ile mara moja tu, uzi hauna tena nafasi.